Matundu Mawili Nyuma ya Baiskeli

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ambayo haijawahi kuniacha. Nikisikia tu cheni ya baiskeli ikipita hapa nje ya mlango wangu, inarudi. Inarudi na jua lake la asubuhi, na harufu ya mandazi ya pale relini Laini Saba, na mama mmoja mwembamba wa kanzu nyeupe amesimama kando ya baiskeli yangu, ameshika mto mkononi, anatafuta mahali pa kuuweka.

Nitafika hapo. Mimi nikianza neno huwa nazunguka kwanza, na ukinivumilia nitarudi barabarani. Mwandiko wangu pia ni wa darasa la nne, na hilo darasa lenyewe sikulimaliza, kwa hivyo ukiona herufi imeanguka, iokote tu uendelee.

Aliyenifanya nishike kalamu ni Shiro. Shiro ni binti wa mwenye plot hii ninayopanga, hapa Kabiro, msichana mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Juzi ameingia getini akisukuma resa, ile baiskeli ya tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Ya mtumba, imetumika huko ng'ambo mpaka wenyewe wakachoka nayo. Mimi nilikuwa nje nikiota jua, maana goti langu siku hizi halipendi kivuli.

"Guka, niaje." Guka ni babu kwa Kikuyu, ndivyo anavyoniita.

"Poa, mama. Naona umepata mnyama."

"Ni ya kuanzia tu, guka. Hii ni ya watu wa chini. Nikipata kazi poa natoa hii fremu naweka ingine. Kuna moja nimeona kwa simu, unaibeba na kidole."

Nikainuka. Nikaizunguka hiyo baiskeli yake, nikainama, na mgongo ukalia kama mlango wa mabati. Nikapitisha kidole pale nyuma, karibu na nati ya gurudumu. Nikapata nilichokuwa natafuta. Tundu moja huku, tundu lingine kule, madogo, hata mbegu ya papai haingepita bila kusukumwa.

"Haya ni ya nini?" nikamuuliza.

"Hayo?" Akainama na yeye. "Sijui. Hata sikuwa nimeyaona."

Niliingia ndani nikaanza kutafuta kalamu. Sasa wewe unayesoma, hata kama si Shiro, kaa hapa karibu. Nakwambia kama ninavyomwambia yeye.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na jina langu lilikuwa Shem kama lilivyo leo, ila wakati huo hakuna aliyeweka neno mzee mbele yake. Nilikuwa naishi Laini Saba, upande ule ambao nyumba zimeikaribia reli mpaka treni ikipita vikombe vinasalimiana. Nilikuwa nakaa na Senge Rasoa. Senge, kwetu Magharibi, ni dada ya baba. Wazazi wangu waliniacha nikiwa mdogo, na yeye ndiye aliyenitoa nyumbani akanileta Nairobi, akanilisha kwa mandazi aliyokuwa akikaanga hapo hapo relini. Mpaka leo nikila mandazi ya mtu mwingine naona kuna kitu kimesahaulika ndani.

Mimi nilikuwa mtu wa mjengo. Vyumba vingi vya kupanga unavyoviona hapa Kawangware, saruji yake niliikoroga mimi. Ukiona ukuta umepinda, huo si wangu. Na kila siku nilitembea kutoka Laini Saba mpaka huku na kurudi, kwa miguu, mvua ama jua.

Senge alikuwa na chama cha akina mama. Zamu yake ya kupokea pesa ilipofika, wenzake walidhani atanunua kabati. Akaniita, akanipa zote. Alisema neno moja tu: "Hivyo ni viatu vya tatu vinaishia kwa hiyo barabara." Basi.

Nikaenda Kongo, si ile nchi, ni mtaa wa hapa hapa Kawangware, kwa fundi wa baiskeli aliyeitwa Baba Wambui. Huyu alikuwa Mkikuyu wa hapa hapa, babu yake alilima viazi mahali ambapo leo kuna maduka ya simu. Alikuwa na plot, angejenga vyumba kila upande kama wenzake, lakini aliacha kona moja wazi, akaiezeka mabati, akakaa humo na spana zake. Mke wake alikuwa akisema hiyo kona ndiyo bibi wa pili. Baba Wambui hakuwa mtu wa maneno mengi. Akitaka kukuambia kitu, alikuuliza swali, kisha akaendelea na kazi yake kama ambaye hajauliza.

Alinionyesha resa moja ya rangi ya chungwa iliyokwaruzwa. Ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote, na fremu yake ilikuwa ya chuma, nzito kidogo. Lakini ukilinganisha na zile baiskeli nyeusi za watu wa maziwa, ilikuwa ndege. Nikaichukua.

Sasa keria, kile chuma cha kubebea mizigo juu ya gurudumu la nyuma. Rafiki yangu Ochieng alikuwa akichomelea vyuma karibu na reli, madirisha na majiko. Nilimletea nondo za mabaki, akanichomelea keria pana, na Baba Wambui akaifunga nyuma kwa bolti mbili zinazopita kwenye yale matundu. Ndiyo nilikuwa nataka ujue, Shiro. Matundu ni ya hapo.

Na Senge akashona mto. Alichukua gunia la sukari, akalijaza matambara, akalishona kwa uzi wa buluu. Akaniambia, "Wewe una baiskeli. Mimi nina kiti."

Kwa maana Senge alikuwa na safari yake. Kanisa letu kubwa lilikuwa Kongo, na Laini Saba kulikuwa na tawi dogo tu, watu kumi na wawili na mbuzi wa jirani. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa tawi. Lakini goti lake la kulia liliharibika zamani alipoanguka na mtungi wa maji, na gari lilimtapisha tangu utotoni, hata gari la maiti alilipanda mara moja tu na akaapa. Kwa hivyo Jumapili nyingi alibaki nyuma, akisikia wenzake wakisimulia yaliyoimbwa Kongo.

Baiskeli ilipokuja, hayo yaliisha. Kila Jumapili alitoka na kanzu nyeupe na kitambaa kichwani, akaweka mto kwenye keria, akakaa upande upande, ngoma mapajani, imefungwa kwake kwa leso kama mtoto. Tukakata Ngong Road, tukashika Naivasha Road, mpaka Kongo. Penye mlima nilishuka nikasukuma, na yeye akabaki juu kama chifu. Akisikia pumzi yangu imekuwa fupi, alikuwa akigonga ngoma kwa vidole viwili, polepole, na miguu yangu inashika ule mwendo yenyewe. Sijui nikuelezeje. Ni kama mtu anakusukuma kwa nyuma na hajakugusa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Sikiliza sasa nilivyoyafanya.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na vijana waliokuwa na resa, Ochieng mmoja wao. Walikutana Dagoretti Corner wakakimbizana mpaka Karen na kurudi. Mara ya kwanza nilipofika na keria yangu, Ochieng, ambaye aliichomelea kwa mikono yake mwenyewe, alishika kiuno akaniangalia.

"Shem, hiyo niliunda nikijua unaanza biashara ya maziwa."

"Ni ya Senge."

"Najua. Hata leo nikikuangalia kwa nyuma namwona, na hayuko."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Kisha wakaondoka, wakaniacha pale mlimani nikikanyaga peke yangu, keria ikilia nyuma kama sufuria iliyofungwa mkia wa mbwa. Jumamosi iliyofuata hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Ochieng hakuwa mtu mbaya, ni mtu wa utani tu, lakini mimi nilikuwa katika umri ule ambao utani unaingia ndani unajenga.

Nikaanza kuichukia baiskeli yangu. Naiona nzito. Naiona ya bei ya chini. Nikienda Kongo kuzibiwa pancha, jicho langu linapanda juu ya ukuta wa Baba Wambui, mahali alipokuwa ametundika fremu ya buluu ya mashindano. Nilimwomba anishushie siku moja. Niliinua kwa vidole vitatu. Mwanangu, ilinishika.

Tulipatana. Ningempa fremu yangu ya chungwa, na ningempiga plasta ukuta wote wa nyuma wa plot yake. Nilipiga plasta hiyo vizuri kuliko plasta yoyote niliyowahi kupiga. Ijumaa nilipomaliza, Baba Wambui alishusha ile ya buluu, akaanza kuhamisha magurudumu na pedali. Alipofika nyuma, akasimama. Akapapasa na kidole.

"Na mama wa ngoma atakaa wapi?"

Fremu ya buluu haikuwa na matundu. Ilikuwa laini kama yai. Mimi nilikuwa nimeshaliona hilo siku ya kwanza.

"Anajua," nikasema.

"Amesemaje?"

"Amesema ni sawa."

Aliniangalia kidogo, akarudi kwenye kazi. Nataka ulishike hilo, mwanangu, maana watu wakisimulia makosa yao husema walidanganywa na vijana wenzao, ama tamaa, ama pombe. Mimi sikudanganywa. Niliulizwa vizuri na mtu mzima, mara mbili, na mara mbili nikadanganya.

Jumamosi nilimwacha Ochieng. Nilimwacha pale kwenye mlima wenyewe, nikageuka nikamwona mdogo kama kuku. Nilifika nyumbani nikiwa mtu mwingine. Senge alikuwa akipiga pasi ile kanzu, makaa yakilia ndani ya pasi, na alikuwa akiimba. Kwa maana hiyo Jumapili haikuwa Jumapili ya kawaida. Matawi yote yalikuwa yakikutana Kongo, tungeandamana kupitia Kawangware nzima na bendera, na wazee wa kanisa walikuwa wamesema ngoma ya mbele ataipiga Rasoa wa Laini Saba. Mama wa mandazi. Alikuwa amelingoja hilo miaka mingi bila kuliomba.

Nilijua. Na nilikuwa na jioni nzima ya kusema. Nilifunika baiskeli na blanketi nikasema nimechoka.

Asubuhi nilipoitoa nje, yeye alitoka nyuma yangu, ngoma begani, mto mkononi. Akafika kando ya baiskeli. Akanyoosha mkono wenye mto, kama alivyozoea, bila hata kuangalia. Mkono ukabaki hewani.

"Keria iko wapi, Shem?"

"Nimebadilisha fremu, Senge. Hii haina mahali pa kuifunga."

Akaitazama mbele, akaitazama nyuma. "Ni nyepesi?"

"Ni nyepesi sana."

"Ebu." Aliweka ngoma chini, akaishika, akaiinua kwa mkono mmoja. Akacheka kidogo. "Kweli ni nyepesi." Kisha akairudisha chini taratibu sana, kama mtu anayemrudisha mtoto wa wenyewe.

Nilimwambia akae mbele, juu ya mti wa fremu, nitamsukuma.

"Nikae juu ya chuma kama msichana anayetongozwa? Na kanzu ya kanisa?" Aliangalia jua. "Wewe nenda na ngoma. Ngoma ikifika, mimi nimefika. Na usiangalie nyuma, utaanguka."

Alinifunga ngoma mgongoni kwa leso yake mwenyewe, akakaza fundo, akanigonga begani. Nikaenda.

Na hapa nitakwambia kitu ambacho sijamwambia hata mchungaji. Nilipofika barabarani, ile baiskeli ilinifurahisha. Upepo, mteremko, ngoma mgongoni ikivuma yenyewe kila nikipita shimo. Kwa kitambo kizima sikumfikiria. Nilimfikiria tena pale mlima unapoanza, mahali ambapo angeanza kugonga na vidole, na hapakuwa na sauti.

Nilifika Kongo mapema sana. Wakaniuliza, "Rasoa yuko wapi?" Nikasema anakuja. Nilitaka kurudi kumchukua. Nilishika usukani kabisa. Kisha nikaiangalia baiskeli, nikajiuliza, ningerudi nifanye nini? Nimzunguke akitembea? Nilikuwa na kitu chepesi kuliko vyote Kawangware, na hakikuwa na kazi hata moja niliyoihitaji.

Walingoja. Mchungaji alitazama jua, akatazama watu wa matawi ya mbali. Mwishowe wakamwita mama mmoja kijana wa Kabiro, wakampa ngoma, maandamano yakatoka. Alipiga vizuri, sitasema uongo. Mimi nilifuata nyuma kabisa nikisukuma chuma changu cha buluu.

Tulikuwa tumesharudi, wimbo wa mwisho umeanza, Senge aliposukuma geti. Kanzu ilikuwa nyekundu ya vumbi mpaka magotini. Alikuwa akivuta ule mguu. Chini ya kwapa alikuwa na mto. Alikuwa ameubeba njia nzima, na hakuna mahali pa kuuweka. Mtu akampisha kwenye benchi. Akauweka mto, akaukalia, akaanza kupiga makofi, sawasawa na ngoma, bila kukosa hata moja, mpaka wimbo ukaisha.

Nilienda nikachuchumaa mbele yake. Nilikuwa nimeandaa maneno. Yeye akaanza.

"Una mwendo, wewe. Nilikuona ukipotelea pale kona, nikasema kweli huyo ni mtoto wangu." Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Angenipiga, ningepona siku hiyo hiyo.

Jumatatu kabla ya kazi nilikuwa Kongo. Baba Wambui alikuwa akikaza spoki. Nikasimama mlangoni na baiskeli.

"Mama amefurahi?" akauliza, hajainua kichwa.

"Hakujua," nikasema. "Sikuwa nimemwambia."

Alikaza spoki nyingine mbili. Kisha akainuka, akaenda kwenye kona, akavuta gunia. Chini yake ilikuwa fremu yangu ya chungwa, keria bado imefungwa. Kulikuwa na watu wawili walioitaka tangu Ijumaa, niliambiwa baadaye, akawaambia ina mwenyewe. Alichukua spoki ya zamani, akaipitisha kwenye lile tundu, ikatokea upande wa pili.

"Unaona hapa?"

"Naona."

"Aliyetoboa hapa yuko ng'ambo. Hakujui, hajui Laini Saba. Lakini alijua kitu kimoja. Alijua mtu anayenunua baiskeli ya bei ya chini hana ya pili. Ya kazi ni hiyo, ya kanisa ni hiyo, ya kubeba mama ni hiyo. Akamwekea matundu mawili." Akachomoa spoki. "Hii ya buluu imeundwa kwa mtu ambaye vitu vyake vinabebwa na gari linalomfuata. Gari lako liko wapi?"

Niliangalia barabarani, kama kweli kuna gari.

"Tena sikukatazi kuitengeneza," akasema. "Mtu akipenda baiskeli yake ataiongeza. Lakini wewe umeanza na kilicho juu."

Basi siku hiyo alinirudishia ile ya chungwa, na plasta yangu ikabaki ukutani kwake, ni haki yake. Na kwa miezi iliyofuata alinifundisha kuiongeza, polepole, kitu kimoja kimoja. Kwanza breki. Akanivulia zile raba zilizokauka kama soli, akaweka mpya na waya mpya, akasema ukishajua utasimama ndipo utakimbia bila woga. Kisha tairi, na hapo nikagundua kingine: ile fremu ya chungwa ilikuwa na nafasi ya kuingiza tairi pana kidogo, ambayo ile ya buluu isingekubali, na tairi pana ndiyo inayojua mashimo ya Kawangware. Kisha akafungua kitovu cha gurudumu, akasafisha, akatia grisi. Mwanangu, sikuamini. Nusu ya uzito niliokuwa nikiulaumu fremu ulikuwa ni uchafu. Cheni vile vile. Baiskeli ilikuwa imechoka, haikuwa nzito.

Na alikuwa na sharti moja, vitu viwili havibadilishwi siku moja. "Ukibadilisha viwili, kelele ikianza hutajua ni ya nani." Nimelitumia hilo neno hata kwenye ndoa.

Ochieng aliposikia yote hayo hakunicheka. Alikuja nyumbani jioni na nondo begani, akapima mto wa Senge kwa mikono, akaenda akachomelea keria mpya, fupi kidogo, yenye ukingo ili asiteleze. Senge alimwuliza, "Sasa nitabebwa kama maziwa?" Ochieng akainamisha kichwa. Nilikuwa nimemwambia Senge utani wote wa Jumamosi, naye alikuwa ameuweka moyoni. Unadhani alimpa huyo kijana mandazi ya bure? Hapana, alimlipisha, lakini alimchagulia makubwa.

Ile siku ya maandamano haikurudi. Lazima niseme hivyo, maana wazee wengi wakisimulia hutengeneza mwisho. Yule mama wa Kabiro aliendelea na ngoma ya mbele, na ilikuwa sawa, alikuwa kijana na alijua. Senge hakupewa tena. Lakini Jumapili iliyofuata, tulipokuwa tumefika Naivasha Road, nilimsikia nyuma yangu akifungua leso kidogo. Nilidhani atagonga na vidole. Alipiga kwa mkono mzima. Alipiga kutoka pale mpaka Kongo, juu ya keria, na kuimba akaimba, watu wakatoka kwenye kibanda cha kinyozi na povu shavuni kutazama. Kutoka siku hiyo alifanya hivyo kila Jumapili. Watu wa Kabiro walianza kujua saa kwa kutusikia. Maandamano yake yalikuwa ya mtu mmoja na punda, na punda ndiye mimi, na sijawahi kujiona mkubwa vile kwenye mlima wowote.

Senge alishazikwa nyumbani, zamani sasa. Mto ulioza. Ngoma iko hapa kwangu, chini ya kitanda, ngozi yake imepasuka upande mmoja.

Jana nilimsomea Shiro mpaka hapo nilipokuwa nimefika. Alikaa kwenye ngazi, kidole chake kikizunguka lile tundu la baiskeli yake.

"Lakini guka, mimi sina mtu wa kubeba."

"Sijasema unaye."

Akaangalia mlango wangu ulio wazi. "Hiyo ngoma ina kilo ngapi?"

"Si nyingi. Kwa nini?"

"Kuna fundi wa ngozi kule Laini Saba. Si uliniambia? Na wewe hiyo goti haiwezi." Akapapasa tena pale nyuma. "Nikipata keria, naipeleka."

Basi, nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kitu chako cha kwanza, hata kikiwa cha bei ya chini, usikidharau kabla hujakipindua ukaona kimeundiwa nini. Penda kukiongeza, ni haki ya kijana, mimi mwenyewe nilipenda. Anza na kinachokusimamisha, kisha kinachogusa ardhi, kisha osha ulicho nacho kabla ya kutamani cha mwingine, na kile cha kuonyesha watu kiwe cha mwisho. Fanya kimoja kimoja. Na kabla hujatoa kitu ili uwe mwepesi, muulize kwanza aliyekuwa akikikalia. Muulize yeye mwenyewe, kwa mdomo wako, siku kabla. Ukisikia unataka kusema "anajua" na bado hujamwambia, weka spana chini, rudi nyumbani.

Mungu akupe miguu ya mlima na breki za mteremko. Akufungulie barabara, akutolee vumbi machoni. Akupe mtu wa kukugongea ngoma kwa nyuma pumzi ikiwa fupi. Na popote utakapofika, nakuombea usifike peke yako.